Pedali iliyofanya kazi nusu: kisa cha AC128 mbili zilizogeuzwa miguu

Pedali iliyofika mezani ilikuwa nakala ya Fuzz Face, ile fazi ya duara, yaani pedali ya kukwaruza sauti ya gitaa, iliyotolewa na Arbiter wa London (baadaye Dallas Arbiter) mwaka 1966. Saketi yake ni fupi mno kwa jina kubwa ililonalo: transista 2 za gerimani, rezista 4, kapasita 3, potenshiometa 2 na betri moja ya volti 9. Mtu akiiona hudhani hakuna pa kukosea. Mwenyewe alikuwa ameijenga kwa uangalifu. Nyaya zimepangwa, lehemu inang'aa, na transista zake, AC128 mbili za zamani, zimekaa kwenye soketi ili zisiunguzwe na chuma cha kulehemu. Maelezo yake yalikuwa mafupi: "Fundi, inapiga, lakini haipigi."

Ilikuwa hivyo hasa. Ukipiga nyuzi kwa nguvu, sauti ilitoka na mkwaruzo mkavu, kisha ikakatika ghafla kabla noti haijaisha. Ukipiga taratibu, kimya. Ukirudisha nyuma nobu ya sauti ya gitaa, kimya pia. Fuzz Face ya gerimani iliyo sawa hufanya kinyume chake: ukipunguza sauti kwenye gitaa, mkwaruzo unapungua kidogo kidogo mpaka unabaki na sauti karibu safi, yenye kung'aa. Hiyo tabia moja ndiyo inayowafanya watu wahangaike kutafuta transista zilizotengenezwa zaidi ya nusu karne iliyopita. Pedali isiyoweza kufanya hivyo ni kelele tu.

Kabla ya kuileta, alikuwa amebadilisha betri, amebadilisha kapasita zote na kurudia kulehemu kila kiungo. Alikuwa pia amejaribu kuigeuza transista moja kwenye soketi yake, akaona hakuna kilichobadilika, akairudisha ilivyokuwa. Kwa hiyo kwake suala la miguu ya transista, yaani emita, kolekta na beisi inayoongoza mkondo kati ya hizo mbili, lilikuwa limekwisha kujibiwa. Hilo ndilo lililomchelewesha kuliko mengine yote, na linahitaji kufafanuliwa taratibu.

Nianze na namba. AC128 ni PNP, aina ya transista ambayo emita yake hukaa upande wa chanya, kwa hiyo katika muundo huu chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye ardhi na volti zote husomeka hasi. Nitaziandika bila alama ya kutoa. Mahali pa kwanza pa kuweka mita ni kolekta ya transista ya pili. Panatakiwa pasome karibu nusu ya betri, 4.5 hivi, ili wimbi lipate nafasi ya kwenda juu na chini. Hapa palisoma 1.05. Emita ya transista hiyohiyo ilisoma 1.0. Beisi yake, iliyoungwa moja kwa moja na kolekta ya transista ya kwanza, ilisoma 1.2.

Kati ya kolekta na emita kuna volti 0.05 tu. Transista ya namna hiyo imeshiba: imefunguka yote, haina pa kwenda. Wimbi dogo halitikisi chochote. Ni wimbi kubwa tu linaloweza kuitoa kwenye shibe kwa muda mfupi, nalo likipungua kidogo transista inarudi kushiba na sauti inakatika. Dalili zote alizozieleza zimo katika namba hizo tatu.

Yeye naye alikuwa amepima. Aliona namba mbaya kwenye transista ya pili, akaigeuza transista ya pili. Ni hatua ya busara kwa mtu yeyote asiyeijua saketi hii kwa ndani, na ndiyo iliyompoteza, kwa sababu ugonjwa ulionekana kwenye ya pili lakini ulitoka kwenye ya kwanza.

Transista ya kwanza hapa ndiyo inayoishika ya pili isipitilize. Beisi ya kwanza inapata mkondo wake kupitia rezista ya omu 100,000 kutoka kwenye emita ya pili. Ya pili ikianza kupitisha umeme mwingi, volti za emita yake zinapanda, ya kwanza inapata mkondo zaidi kwenye beisi, inavuta kolekta yake karibu na ardhi, na beisi ya pili inashuka nayo. Zinashikana hivyo mpaka zinatulia. Lakini ushikaji huo unategemea kitu kimoja, ukuzaji wa transista ya kwanza, yaani mara ngapi mkondo wa kolekta unauzidi ule wa beisi.

Kwenye kolekta ya kwanza kuna rezista ya omu 33,000, kwa hiyo mkondo unaotakiwa kupita pale ni kama maikroampea 250. Transista yenye ukuzaji wa 77 na mvujo kidogo (mkondo unaopita hata beisi ikiwa haijaungwa) inahitaji maikroampea zisizofika 3 kwenye beisi ili kuubeba mkondo huo. Hizo kwenye omu 100,000 ni kama robo ya volti. Ongeza volti 0.13 hivi za beisi na emita, na emita ya pili inatulia karibu 0.37. Sasa chukua transista yenye ukuzaji wa 16. Inahitaji zaidi ya maikroampea 14, yaani emita ya pili ipande mpaka 1.5 na ushei. Kwenye potenshiometa ya omu 1,000 iliyo chini ya emita hiyo, 1.5 maana yake ni miliampea 1.5, na mkondo huohuo ukipita kwenye omu 8,670 zilizo upande wa kolekta unadai volti 13. Betri ni ya 9. Ya pili inashiba kabla ya kufika huko, na inaganda kwenye volti 1 hivi. Unaweza kuigeuza hiyo ya pili utakavyo, hata kuibadilisha na nyingine. Maadamu ya kwanza ni dhaifu, namba itabaki palepale.

Basi swali likawa kwa nini ya kwanza ni dhaifu hivyo, na jibu lilikuwa miguuni. Zote mbili zilikuwa zimewekwa kolekta mahali pa emita na emita mahali pa kolekta.

Mjenzi huyu alifika hapo kwa njia mbili, na zote ni za kawaida sana. Ya kwanza ni alama. Kazi yake ya awali ilikuwa na BC108, transista ya silikoni yenye kopo dogo la chuma lenye kidole kinachotokeza ukingoni. Kwenye kopo la aina hiyo kidole kiko jirani na emita. AC128 haina kidole. Ina doa la rangi ubavuni, na doa hilo linaonyesha kolekta. Ndivyo ilivyo pia kwa ndugu zake wa zamani waliomo kwenye kioo kilichopakwa rangi nyeusi, kama OC71 na OC44, OC44 ikiwa ndiyo iliyotumika kwenye Rangemaster ya Dallas, kifaa cha kuongezea gitaa nguvu. Mtu aliyezoea kwamba alama ni emita akilikuta doa, ataipachika transista kinyume bila hata kusita.

Njia ya pili ni mchoro. Karatasi nyingi za viwanda za enzi hizo huchora transista ikitazamwa kutoka chini, yaani miguu imekuelekea wewe. Michoro ya mbao za saketi za pedali inayotumika siku hizi huchorwa kutoka juu, kama unavyoiona mbao ukiwa umeinama juu yake. Ukiuchukua mpangilio wa chini ukauhamishia juu bila kuugeuza, kulia kunakuwa kushoto. Kwa transista ambayo beisi iko katikati, beisi inabaki mahali pake na zinazobadilishana ni emita na kolekta peke yake. Hapo ndipo hatari ilipo. Kama beisi nayo ingehama, pedali isingetoa chochote na mjenzi angerudi kwenye miguu mara moja. Beisi ikiwa sahihi, kitu fulani kinatoka, na hicho kinachotoka kinamfanya aamini kwamba miguu iko sawa.

Transista iliyogeuzwa inaendelea kufanya kazi kwa sababu ya jinsi ilivyotengenezwa. Ndani ya AC128 kuna kipande chembamba cha gerimani, ambacho ndicho beisi, na pande zake mbili zimeyeyushiwa vipunje vya indiamu. Kimoja ni emita, kingine ni kolekta. Vimetengenezwa kwa namna moja; tofauti kubwa ni kwamba cha kolekta ni kikubwa zaidi, ili kidake karibu kila kinachorushwa na emita. Ukivibadilisha, kikubwa kinarusha na kidogo kinadaka, na mengi yanapotea njiani. Ukuzaji unashuka, haufutiki. Transista za silikoni za baadaye hazina ulinganifu huo, ndiyo maana zikigeuzwa huwa karibu zimekufa na kosa linaonekana upesi.

Mjenzi alikuwa amezipima kabla ya kuzitumia, na hapa simlaumu hata kidogo, maana vipimo alivyotumia ndivyo vinavyofundishwa kila mahali. Kwanza alitumia kipimo cha dayodi. Alipata beisi, akapata kwamba ni PNP, akaona volti zisizofika 0.2 pande zote mbili, jambo linalothibitisha gerimani, kwa kuwa silikoni ingeonyesha 0.6 na zaidi. Yote sahihi. Lakini kipimo hicho hakisemi ipi ni emita. Kwenye silikoni kuna msaada mdogo: upande wa beisi na emita husoma juu kidogo kuliko upande wa beisi na kolekta, tofauti ya milivolti chache, na mita nzuri huionyesha. Kwenye gerimani za aina hii siutegemei msaada huo, kwa sababu joto la vidole peke yake linaweza kuzisogeza namba kuliko tofauti yenyewe. Na anayetumia mita ya zamani ya mshale akumbuke kwamba kwenye vipimo vya omu, waya mwekundu wa mita nyingi za aina hiyo ndio hasi. PNP inaweza kugeuka NPN, aina ya kinyume chake, machoni pake.

Kisha akazichomeka kwenye tundu la mita la kupima ukuzaji. Alipata 18 na 28. Hapo jibu lilikuwa mkononi. AC128 nzima yenye ukuzaji wa 18 ni ya kutiliwa shaka, lakini akajiambia kwamba vitu vya zamani vimechoka. Namba ndogo kwenye tundu lile inatakiwa ikufanye ubadilishe emita na kolekta na upime tena kabla ya kuihukumu transista. Tundu lenyewe lina kasoro nyingine kwa gerimani: linahesabu mvujo kama ukuzaji. Mvujo ni mkondo unaopita kutoka kolekta mpaka emita hata beisi ikiwa haijaungwa popote. Kwenye silikoni ni mdogo kiasi cha kupuuzwa. Kwenye gerimani unaweza kufika maikroampea mia kadhaa, na unapanda na joto.

Kipimo ninachokiamini ni kile kilichoenezwa na R.G. Keen miongoni mwa wajenzi wa pedali. Kinahitaji rezista 2, betri ya volti 9 na mita. Kwa PNP, emita inaungwa kwenye chanya ya betri. Kolekta inaungwa kwenye hasi kupitia rezista ya omu 2,472, ambayo hupatikana kwa kuunganisha rezista ndogo mfululizo. Beisi inaachwa hewani. Pima volti juu ya rezista hiyo: huo ni mvujo. Kisha iunge beisi kwenye hasi kupitia omu 2,200,000 na upime tena. Toa namba ya kwanza kwenye ya pili, zidisha kwa 100, na jibu ndilo ukuzaji wa kweli. Namba ya ajabu ya 2,472 imechaguliwa ili hesabu itoke rahisi hivyo: mkondo wa beisi ni kama maikroampea 4, na ukuzaji wa 100 unakupa volti 1.

Transista iliyoshikwa kwa vidole isisomwe papo hapo. Ichomeke, iache, na usubiri namba iache kutembea. Mvujo utaonekana ukishuka kadiri kopo linavyopoa, na ukisoma mapema utapata ukuzaji wa uongo.

Hizi mbili tulizipima pande zote. Ya kwanza, kwa mpangilio aliokuwa ameutumia yeye, ilitoa mvujo wa volti 0.05 na jumla ya 0.21: ukuzaji 16. Kwa kubadilisha emita na kolekta, mvujo 0.17 na jumla 0.94: ukuzaji 77. Ya pili ilitoka 24 kwa mpangilio wa mjenzi na 121 kwa upande mwingine, mvujo wa upande huo mwingine ukiwa 0.52, sawa na maikroampea 210. Nasisitiza jambo moja kwenye namba hizi. Upande wa makosa ulikuwa na mvujo mdogo zaidi, kwa sababu mvujo nao hukuzwa na transista, na upande huo ukuzaji ni mdogo. Anayechagua upande kwa kutazama mvujo peke yake, akiamini kwamba mdogo ndio bora, atachagua upande usio wake. Chagua kwa ukuzaji, baada ya kuutoa mvujo.

Ukuzaji wa 77 na 121 ni jozi nzuri sana kwa Fuzz Face. Wajenzi wengi hulenga 70 hadi 80 kwa ya kwanza na 110 hadi 130 kwa ya pili. Mtu huyu alikuwa karibu kuzitupa.

Tukazirudisha, moja baada ya nyingine ili tuone kila hatua inaleta nini. Ya kwanza ikageuzwa peke yake. Kolekta ya pili ikaruka kutoka 1.05 hadi 6.0. Shibe ikaisha, noti zikaacha kukatika, na hata nobu ya gitaa ikaanza kuitikia. Wengi wangefunga kifuniko hapo. Lakini fazi ilikuwa bado nyembamba, haijai hata potenshiometa ikifika mwisho, na sababu ni kwamba transista ya pili ilikuwa bado imegeuka. Volti za kutulia hazikujali sana, kwa kuwa ya kwanza ndiyo inayozipanga. Wimbi ndilo lililojali. Ya pili yenye ukuzaji wa 24 inaonekana kwa ya kwanza kama mzigo wa omu 1,800 hivi. Yenye 121, kama omu 9,000. Ya kwanza ikibebeshwa mzigo mzito hivyo, sehemu kubwa ya nguvu yake inapotea kabla ya kufika popote. Kwa hiyo volti zilizo karibu na sahihi hazithibitishi kwamba miguu iko sahihi. Hili sijaliona likisemwa vya kutosha.

Ya pili ilipogeuzwa, mita ilisogea kidogo tu, hadi 5.8, lakini sauti ikabadilika kabisa: nene, ndefu, yenye kuimba.

Ile 5.8 ni juu kidogo ya tunachotaka, na inatokana na mvujo wa ya kwanza, unaoibebea sehemu ya mkondo wake. Dawa yake inajulikana: rezista ya omu 8,200 iliyo kwenye kolekta ya pili inatolewa, panawekwa ya kurekebishwa kwa bisibisi, na inazungushwa mpaka mita isome 4.5. Hapa ilifika kama omu 12,000. Tukaweka ya kudumu ya kiasi hicho. Kama pedali itapigwa kwenye jukwaa lenye joto, ningeiacha chini kidogo ya 4.5, kwa kuwa mvujo wa ya kwanza utapanda na joto na namba hiyo itapanda nao.

Kwa wanaojenga toleo la silikoni, mtego ni wa namna nyingine. Kopo la plastiki lenye uso mmoja bapa halina doa wala kidole, na umbo hilo moja hubeba mipangilio tofauti. Uso bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini, kutoka kushoto, 2N3904 ni emita, beisi, kolekta. BC547 ni kolekta, beisi, emita. 2SC1815 ni emita, kolekta, beisi. Tena silikoni iliyogeuzwa inaweza kuumia. Kiungo chake cha beisi na emita kwa kawaida huruhusiwa volti 5 au 6 tu kinyume, na betri ni ya 9. Kikivunjwa hivyo, transista inaweza kuendelea kufanya kazi baada ya kurudishwa sawa, lakini imepoteza sehemu ya ukuzaji na imeongeza mivumo.

Mtego mbaya zaidi ni herufi moja. Fuzz Face kadhaa za silikoni zilitumia BC183L, na herufi L pale mwisho inabadilisha miguu: kolekta iko katikati. BC183 isiyo na L ina beisi katikati, na kwa ndani ni transista ileile. Anayeipata hiyo kwa mbao iliyochorewa BC183L hana haja ya kuitupa. Aikunje miguu ili kila mmoja ufike kwenye tundu lake, na mguu unaopita juu ya mwingine auvalishe kipande cha ganda la waya ili visigusane.